Kitenzi «kuchagua» na kocha wa timu inayoyumba

Timu ikipoteza michezo mitatu mfululizo, Lubumbashi yote inageuka kamati ya kuchagua kocha. Sokoni, ndani ya basi, mbele ya kumbi zetu za masomo, kila mtu ana jina mdomoni. Katika somo hili sitapendekeza jina. Nitashika kitenzi kimoja, «kuchagua», na kuonyesha kwamba mara nyingi tunakitumia kikiwa nusu. Kisha nitakipima kwa tukio ambalo wengi wetu tunalikumbuka: TP Mazembe kubadilisha kocha mwezi wa Machi 2017. Hoja yangu ni fupi: timu inayoyumba huchagua vibaya pale sentensi yake ya kuchagua inapokuwa na jina tu, bila sehemu nyingine.

1. Nafasi nne za kitenzi

Tuangalie sentensi hii niliyoitunga: «Kamati ilimchagua Fulani kati ya watu watatu ili airudishe timu katika makundi ya Ligi ya Mabingwa.» Ndani yake mna nafasi nne. Kiima: nani anachagua. Yambwa: nani anachaguliwa. Kundi: kati ya akina nani. Lengo: ili afanye nini. Ukiondoa kundi, hakuna tena kuchagua, maana anayeletewa mtu mmoja tu anapokea. Ukiondoa lengo, hutajua kesho kama ulichagua vizuri au vibaya.

Sasa sikiliza tunavyosema kwa kawaida: «Tumepata kocha mpya.» Kitenzi «kupata» kinafaa kwa mtu aliyeokota noti njiani. Magazeti ya Kiswahili yanapenda «ameteuliwa», neno zuri la heshima, lakini nalo linatupa yambwa peke yake. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi tunasema «banachagula antrenere mupya». Wageni wa lugha yetu huona kwanza ile sauti l ya «kuchagula» ambayo Kiswahili sanifu hakina. Mimi naomba tuone kwanza kile kiambishi cha mwanzo, ba-.

2. Kiima kinachojificha

Kocha anapoondoka, lugha inatupa njia nne za kulieleza jambo bila kumtaja aliyeamua.

Ya kwanza ni kauli ya kutendwa: «Kocha amefukuzwa.» Kiambishi -w- kinampandisha kocha katika nafasi ya kiima, na aliyefukuza anashuka hadi kutoweka. Sarufi inaruhusu kuongeza «na fulani», lakini mara ngapi tunaongeza?

Ya pili ni ile ba- yetu: «Balimufukuza.» Hapa kauli ya kutendwa haitumiki sana. Mahali pake tunaweka wingi wa nafsi ya tatu bila kumtaja mtu, muundo unaopatikana pia katika Kiluba na Kibemba. Kwa upande mmoja ni muundo mkweli kuliko ule wa kwanza, kwa sababu unakiri kwamba kuna watu waliofanya. Kwa upande mwingine hausemi ni akina nani. Ba- inaweza kuwa mtu mmoja.

Ya tatu ni kuhamisha kiima: «Matokeo mabaya yamemwondoa kocha.» Matokeo hayana mkono wa kutia saini. Hata hivyo sentensi hii inapita kila wiki bila mtu kuishangaa.

Ya nne ni kauli ya kutendana: «Klabu na kocha wameachana.» Kiambishi -an- kinawafanya wawili kuwa sawa, kana kwamba kila mmoja alimwacha mwenzake kwa nguvu ile ile. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mmoja amefunga mlango na mwingine yuko nje na sanduku lake.

Kwa nini jambo hili lituhusu? Kwa sababu aliyemfukuza kocha wa jana ndiye atakayemchagua wa kesho. Lugha ikimficha katika sentensi ya kwanza, hataulizwa lolote katika sentensi ya pili. Kocha anabeba kosa na kuondoka nalo. Njia iliyotumika kumchagua inabaki palepale, tayari kutumika tena.

3. Machi 2017

Tuupime mfano. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1939 hapa mjini na Wabenediktini. Imetwaa taji kubwa la vilabu vya Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tarehe 6 Novemba 2016 ilichukua pia Kombe la Shirikisho kwa kuifunga MO Béjaïa ya Algeria 4-1 Lubumbashi, baada ya sare ya 1-1 kwao. Kocha alikuwa Mfaransa Hubert Velud.

Velud akaondoka, akaja Mfaransa mwingine, Thierry Froger. Februari 2017 Mazembe ilifungwa 1-0 na Mamelodi Sundowns katika Super Kombe la Afrika, huko Afrika Kusini. Machi ikakutana na CAPS United ya Zimbabwe katika Ligi ya Mabingwa: 1-1 Lubumbashi, 0-0 Harare. Haikufungwa mchezo hata mmoja kati ya hiyo miwili, lakini bao la ugenini liliitoa. Froger naye akaondolewa.

Aliyepewa timu ni Pamphile Mihayo, kiungo wa zamani wa klabu hiyo hiyo, mmoja wa wachezaji wa kizazi cha 2009 na 2010. Kwa kanuni za wakati ule, timu iliyotolewa katika hatua ile ya Ligi ya Mabingwa ilishuka kwenye mchujo wa Kombe la Shirikisho. Mazembe ilipita huko, ikafika fainali, na Novemba 2017 ikaishinda SuperSport United ya Afrika Kusini: 2-1 hapa nyumbani, 0-0 Pretoria. Taji likabaki Kamalondo kwa mwaka wa pili. Mwaka 2019, Mihayo akiwa bado kocha, timu ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Espérance ya Tunis kwa bao moja.

Tuzijaze zile nafasi nne. Kiima kilijulikana: katika klabu inayoongozwa na rais mmoja, Moïse Katumbi, tangu 1997, ile ba- haina siri kubwa. Yambwa: Mihayo. Kundi lilikuwa dogo, kwa maana katikati ya msimu anayewajua wachezaji tayari anamtangulia yule atakayehitaji miezi ya kuwajua. Na lengo? Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Lengo lilikuwa limebadilika. Ligi ya Mabingwa ilikuwa imekwisha. Lililobaki ni kombe ambalo klabu ilikuwa imelishinda miezi minne na nusu tu nyuma. Timu ya namna hiyo haikuhitaji kufundishwa mpira upya. Ilihitaji mtu wa kuitoa katika aibu ya Machi na kuikumbusha ilichokuwa Novemba. Kwa lengo hilo, uchaguzi ulifaa.

4. Mgeni na mtoto wa nyumba

Wengi walitoa somo lingine katika tukio hili: kwamba «mutoto wa nyumba» ni bora kuliko mgeni. Ni somo tamu, lakini historia ya klabu hailikubali. Taji la 2009 lililetwa na Diego Garzitto, la 2010 na Msenegali Lamine N'Diaye, la 2015 na Mfaransa Patrice Carteron. Wote walitoka nje. N'Diaye ndiye aliyekuwa kocha timu ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu Desemba 2010 huko Abu Dhabi, dhidi ya Inter ya Italia. Baadaye alirudi, na mwaka 2024 akaifikisha nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, ambako Al Ahly ilishinda. Mtu wa namna hii tumwite nani? Pasipoti inasema mgeni. Kazi yake hapa inasema mwenyeji.

Methali zetu zenyewe zinavutana. Moja inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyingine inasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Timu inayoyumba huanza na ile ya kwanza, ikimpokea kocha kama mganga. Wiki chache baadaye inarukia ya pili, inamdai mavuno kabla hajalishika jembe. Methali zote mbili ni kweli. Kosa ni kuzitumia mahali pa lengo. «Mgeni» na «mtoto wa nyumba» ni majibu ya swali «anatoka wapi?», na kamati ilipaswa kuuliza «aje afanye nini?».

5. Jina la kazi nalo linachagua

Maneno tunayoyatumia kwa kazi hii hayabebi picha moja. Tanzania husema kocha, na mara nyingi humwita kwa heshima «mwalimu». Wengine husema «mkufunzi». Sisi tunachukua neno la Kifaransa na kusema antrenere. Mwalimu limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa elimu: huyu anafundisha. Kocha limepitia Kiingereza, ambako neno hilo lilikuwa jina la gari la farasi, lenye asili katika kijiji cha Kocs huko Hungaria. Wanafunzi wa Uingereza katika karne ya 19 walilitumia kwa mwalimu wa pembeni aliyewabeba hadi kuvuka mtihani. Antrenere limetoka katika kitenzi chenye maana ya kuvuta mtu au kitu uende nacho.

Basi, kufundisha, kubeba, kuvuta. Sidai kwamba asili ya neno inatawala akili ya anayelitumia. Nasema tu kwamba vitenzi hivi vitatu vinaisaidia kamati kuuliza vizuri. Timu ya vijana wasiojua kujipanga uwanjani inahitaji mwalimu. Timu yenye mtihani mmoja mkubwa wa kuvuka inahitaji wa kuibeba. Timu inayojua kila kitu lakini imekata tamaa inahitaji wa kuivuta. Ukimleta wa kubeba mahali pa kufundisha, atafukuzwa, na tutasema matokeo yamemwondoa.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba sarufi haifungi bao. Ni kweli. Lakini mkataba wa kocha umeandikwa kwa lugha, na maneno «matokeo mabaya» yasipofafanuliwa humo, mtu anaweza kupoteza mkate wake kwa neno lisilo na kipimo. Nao mashabiki, waliolipa tiketi kwa pesa ya chakula, wanapewa jina jipya kila msimu na sababu haisemwi. Na tusisahau kwamba sisi wenyewe huchagua: kocha wa timu ya kitivo, kiongozi wa darasa, kamati ya wanafunzi. Sentensi ni ile ile.

Mazoezi

(a) Geuza «Antrenere amefukuzwa» iwe kauli ya kutenda. Ukikosa kiima, eleza kwa nini umekikosa.

(b) Chukua tangazo lolote la redio kuhusu kocha mpya. Andika nafasi nne za «kuchagua» na uonyeshe zilizo tupu.

(c) Sikiliza mazungumzo ya mashabiki, wa Mazembe au wa Lupopo, kwa dakika kumi. Hesabu ba- zisizo na mwenyewe. Kisha uliza, kwa adabu: «Ba- nani?»

Zoezi la mwisho ndilo gumu zaidi, na ndilo ningependa tulianze pale zitakapochaguliwa kamati zetu wenyewe.