Je, tuwatoze wageni wanaopita njia zetu?

SWALI: Wageni hukatiza mashambani kwetu Mkula kwenda kutazama milima ya Udzungwa. Vijana wanataka kuweka kizuizi na kuwatoza. Inaruhusiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, kamba iliyofungwa kati ya miembe miwili haigeuzi njia kuwa mali ya waliofunga. Kwanza, tazameni mpaka. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, viingilio viko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), si kijiji.

Nje ya mpaka, kwenye ardhi ya kijiji, ada huhitaji sheria ndogo: Halmashauri ya Kijiji iipendekeze, Mkutano Mkuu wa Kijiji uijadili, kisha halmashauri ya wilaya au mji iidhinishe. Fedha zikatiwe stakabadhi na matumizi yasomwe mkutanoni.

Ushauri wangu: tozeni huduma, msitoze kupita. Mgeni hulipa kwa moyo mweupe akipata kiongozi anayejua njia, kivuko imara na chakula cha mama lishe. Jirani anayekwenda shambani au kisimani asiguswe. Njia ni ya wapitao. Jasho lenu ndilo lenye bei.