Hedhi Ikichelewa: Uwatu, Mdalasini na Malmal

Uwatu, mdalasini, tangawizi na malmal, yaani manemane, huchemshwa na kunywewa ili kuirudisha hedhi iliyochelewa. Kwa mwanamke wa Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, anayeuliza kama dawa hizo zinafaa, jibu huanzia kwenye sababu ya kuchelewa. Mara nyingi hakuna damu iliyokwama tumboni ikingoja kusukumwa. Ni yai ambalo halikupevuka kwa wakati wake.

Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Kwa mtu mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, huweza kufika siku 45. Kupishana kwa siku chache si ugonjwa.

Sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni mimba. Kipimo cha mkojo wa asubuhi kikionyesha kuwa haipo na hedhi bado haijaja, kirudiwe baada ya wiki moja. Mama anayenyonyesha huweza kushika mimba kabla hajaona hedhi, kwa kuwa yai hutangulia damu. Kunyonyesha huzuia mimba kwa uhakika mkubwa pale tu mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya usiku na mchana bila kulishwa kingine, na hedhi haijarudi. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi 3 nayo husimamisha hedhi bila kudhuru, na hedhi huweza kukawia miezi mingi baada ya sindano kuachwa.

Njaa ni sababu nyingine. Chakula kikipungua sana, ubongo hupunguza homoni zinazoamsha ovari, na hedhi husimama. Familia zilizokimbilia kambi za Dadaab wakati wa njaa ya 2011 zilifika zimedhoofika, na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa tangu hapo. Katika hali hiyo tiba ni chakula cha kutosha. Huzuni na hofu ya muda mrefu huleta matokeo kama hayo. Kwa upande mwingine, uzito mkubwa pamoja na chunusi au ndevu huashiria hitilafu ya homoni katika ovari. Kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 10 mara nyingi husaidia. Ugonjwa wa tezi ya shingo huvuruga mzunguko pia, na kuanzia miaka ya 40 hedhi huanza kuruka kuelekea ukomo wake.

Ipo hali ambayo damu hukwama kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya walikuwa wamekeketwa, na baadhi ya wanawake wa jamii ya Wasomali hushonwa uke. Njia ikiwa nyembamba mno, damu hubaki ukeni. Maumivu makali kila mwezi, tumbo la chini kujaa na mkojo kutoka kwa shida ndizo dalili zake. Chai yoyote haitafungua njia hiyo. Hufunguliwa na mtaalamu hospitalini.

Kuhusu dawa zenyewe, tangawizi hupunguza maumivu ya hedhi, lakini haijathibitishwa kuwa huileta. Mdalasini umeonyesha dalili za kusaidia wenye hitilafu ya ovari katika tafiti ndogo tu. Uwatu hushusha sukari ya damu, hivyo anayetumia dawa za kisukari ajihadhari nao. Vikiwa viungo vya chai na chakula, vitatu hivi havina tatizo kwa wengi. Malmal na utomvu wa papai bichi ni tofauti: huweza kukaza misuli ya mji wa mimba, na havifai kabisa kabla mimba haijapimwa.

Hedhi ikikosekana kwa miezi 3, au msichana akifika miaka 15 bila kuiona, apelekwe kituo cha afya. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia baada ya hedhi kukosekana huweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Anayekwenda kuchunguzwa abebe tarehe za hedhi zake za mwisho, na ataje kila dawa ya miti aliyokunywa.