Waya au Waifai? Somo Nililolipata Bwera

Ndugu zangu wanafunzi, nanyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, napenda kuwaeleza jambo ambalo wengi huuliza: mtu akitaka kuunganisha kompyuta na simu za nyumbani mwake, atumie waya au waifai? Mimi nililijibu swali hili vibaya mara ya kwanza, na kosa langu lilimpotezea mjomba kompyuta yake.

Mjomba anakaa Bwera, karibu na njia iendayo Mpondwe mpakani. Duka lake liko mbele, na nyumba ya watoto iko nyuma, kiasi cha hatua 40, ukipita migomba. Ruta ilikuwa dukani. Watoto walilalamika kwamba waifai haiwafikii, na binti yake mkubwa alikuwa akijiandaa kwa mtihani. Sababu ilikuwa wazi: ukuta wa nyuma wa duka ni wa mabati, na mawimbi ya redio hayapenyi bati, hugonga yakarudi. Mbao huyapitisha, zege yenye nondo huyadhoofisha sana.

Basi nikanunua waya wa shaba, nikaupitisha juu ya migomba. (Nilikumbuka shaba yetu ya Kilembe, ambayo ndiyo iliyoleta reli Kasese mwaka 1956.) Waya wa namna hiyo hufanya kazi vizuri mpaka mita 100, wala hauingiliwi na ruta za majirani. Kwa miezi miwili nilisifiwa sana.

Kisha zikaja mvua za Machi. Radi ilipiga mti wa jirani, si nyumba yetu. Lakini waya mrefu ulioko nje hudaka nguvu ya umeme hata radi ikipiga kando. Ruta iliungua, na kompyuta pia. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu aliyeishika.

Tangu siku hiyo, kompyuta isiyohamishwa naiunga kwa waya, lakini ndani ya nyumba moja tu. Kati ya nyumba na nyumba sipitishi shaba tena. Wenye fedha waweke uzi wa kioo, maana kioo hakipitishi umeme. Wala msidhani waya utaongeza intaneti itokayo nje: kampuni ya simu ikikupa megabiti 10 kwa sekunde, waya wa kupitisha 1000 utakuletea zile zile 10.

Na mjomba je? Naona haya kusema. Katika ukuta ule wa mabati mlikuwa na dirisha la mbao. Tuliiweka ruta mpya dirishani, tukachagua mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hufika mbali kuliko yale ya 5, na binti akasoma chumbani mwake bila waya wowote. Siku hizi ngurumo zikisikika upande wa Rwenzori, mjomba huichomoa ruta mwenyewe kabla sijafungua kinywa.