SOMO LA ROBO HII: Nafasi Maalumu, Haki au Urithi?



Kamati zetu za maendeleo za parokia hugawa ada, mafunzo ya ufundi na vibarua vya miradi. Nafasi ni chache, wahitaji ni wengi, hivyo tunatenga baadhi kwa makundi maalumu. Je, ni lini kutenga huko kunageuka dhuluma? Tujifunze kutoka Bangladesh.

Nchi hiyo ilijipatia uhuru kwa vita mwaka 1971. Mwaka 1972 serikali iliwatengea waliopigania uhuru asilimia 30 ya ajira zake. Ilikuwa shukrani njema. Lakini baadaye haki hiyo ilipewa watoto wao, kisha wajukuu. Wanafunzi waliandamana mwaka 2018, na utaratibu ukafutwa kwa ajira za ngazi za juu. Mahakama Kuu ilipourudisha Juni 2024, waliingia tena barabarani. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa huenda watu 1,400 waliuawa. Tarehe 21 Julai Mahakama ya Juu iliamua asilimia 93 ya ajira zitolewe kwa kuangalia uwezo. Tarehe 5 Agosti Waziri Mkuu, Sheikh Hasina, aliikimbia nchi.

Wanafunzi hawakukataa wanyonge kuinuliwa. Walikataa nafasi kuwa urithi. Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Hapo sababu inaeleweka na kila mtu.

Tuje Ufipa. Tangazo likibandikwa Sumbawanga mjini tu, kijana wa Mtowisa, kule chini bondeni, atalisikia nafasi zimekwisha. Kumtengea nafasi ni haki. Kumtengea mtoto wa mjumbe wa kamati, hata kama mzazi amejitolea miaka mingi, ni dhuluma. Mzee huyo tumshukuru kwa njia nyingine.

Tusome Matendo 6:1-7. Wajane waliposahauliwa katika mgawo, mitume hawakuwanyamazisha walionung'unika. Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema.

Maswali ya kujadili (wafadhili nao wanaweza kutuuliza):

1. Nafasi tulizotenga zinamwinua nani, na hadi lini?
2. Je, vigezo na majina vilisomwa katika jumuiya ndogo ndogo?
3. Asiyeridhika apeleke wapi lalamiko lake, na nani atamjibu?