Uhuru wa Kwenda na Kurudi: Kutoka Kipande hadi Saa 24

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, njia za kutoka Kibera kwenda Eneo la Viwanda na barabara ya Gitanga inayotoka Kawangware kuelekea Lavington huwa zimejaa watu wanaotembea kwa miguu. Ni vibarua wa mjengo, wafanyakazi wa viwandani, wanawake wanaokwenda kufua nguo za watu, na mama mboga wanaorudi kutoka kununua bidhaa. Kwa watu hawa uhuru una maana rahisi sana. Ni kutoka nyumbani, kutafuta riziki na kurudi jioni bila kuomba ruhusa na bila kumlipa mtu yeyote ili kupita. Huonekana jambo dogo hadi siku mtu anapolikosa. Somo hili linaeleza uhuru huo ulivyopatikana, na jinsi mkaazi wa kawaida anavyoweza kuudai.

Neno kipande

Hadi leo kuna wanaokiita kitambulisho "kipande". Neno hilo lina historia chungu. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa takriban miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole, ndani ya kikasha cha chuma alichokivaa shingoni. Wapo waliokifananisha na kengele ya mbuzi. Mwajiri aliandika humo kazi na mshahara, na mfanyakazi alipoondoka, mwajiri alitia sahihi kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo ilikuwa vigumu kupata kazi kwingine, na aliyeondoka bila ruhusa alisakwa na kushtakiwa.

Mitaa miwili tunayoizungumzia iliujua vizuri utaratibu huo wa ruhusa. Kibera ilianza kama ardhi ya jeshi. Wanubi waliotumikia King's African Rifles waliruhusiwa kuishi pale mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa hati za jeshi na wala si kwa hatimiliki. Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Kawangware nayo, upande wa Dagoretti, ilikuwa nje ya mpaka wa mji hadi mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Kwa hiyo mwanamume aliyetoka huko kuja mjini kutafuta kazi bila kipande alikuwa na hatia hata kabla hajafanya lolote.

Upinzani mkubwa wa kwanza ulitokea hapa hapa Nairobi. Harry Thuku, karani wa serikali, aliongoza East African Association kupinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na barabara ambayo leo ina jina lake. Mary Muthoni Nyanjiru aliwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Risasi zilipigwa, naye akawa miongoni mwa watu zaidi ya 20 waliouawa. Thuku alipelekwa Kismayu, akakaa kizuizini karibu miaka tisa. Hakufikishwa mahakamani hata siku moja. Miaka hiyo tisa inafaa kukumbukwa mtu anaposoma kifungu cha saa 24 kinachoelezwa hapa chini.

Mwaka 1947 sheria mpya ya usajili, iliyowahusu watu wa rangi zote, ilichukua nafasi ya kipande. Wanawake walianza kusajiliwa mwaka 1978. Leo mambo yamegeuka: kadi iliyokuwa mnyororo sasa inamfunga asiyekuwa nayo, kwa sababu bila kitambulisho ni shida kusajili laini ya simu, kufungua akaunti ya benki au kuajiriwa rasmi. Vijana wa Kinubi wa Kibera wanalijua hili kuliko wengi, maana kwa miaka mingi walidaiwa ushahidi wa ziada kwamba wao ni Wakenya. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia.

Kosa la kuzurura

Kipande kiliondoka, lakini wazo lake halikuondoka mara moja. Sheria ya Uzururaji iliruhusu mtu kukamatwa kwa kukosa makao na kazi inayojulikana, na haikufutwa hadi mwaka 1997. Makosa ya aina hiyo, ya kuonekana mvivu au mtu asiye na shughuli, yaliandikwa pia katika Kanuni ya Adhabu ya 1930. Shida yake ni wazi. Kibarua anayesubiri kuitwa kazini kando ya barabara anafanana kabisa na mtu asiye na shughuli. Tofauti iko katika macho ya anayemtazama.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinawaadhibu watu kwa umaskini wao, na kwamba nchi zinapaswa kuzifuta au kuzirekebisha. Katiba yetu ya 2010 inaelekea huko huko. Ibara ya 39 inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Ibara ya 29 inasema hakuna atakayenyimwa uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki.

Saa 24 zinavyohesabiwa

Kifungu chenye manufaa zaidi mtaani ni Ibara ya 49, kwa sababu kina namba ndani yake. Mtu aliyekamatwa lazima aelezwe upesi, kwa lugha anayoifahamu, kwa nini amekamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika, hata kama ni jirani wa kumchukua mtoto shuleni. Na lazima afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, bila kupita saa 24.

Chukua mfano wa kijana wa mjengo kutoka Kawangware. Akikamatwa Jumanne saa nne asubuhi, ukomo wake ni Jumatano saa nne asubuhi. Akikamatwa Ijumaa saa mbili usiku, saa 24 zinaishia Jumamosi usiku, wakati mahakama imefungwa. Hapo Katiba inasogeza ukomo hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu jioni. Wakenya walipokuwa wakitania kuhusu "Kamatakamata Friday" ya wakubwa, mitaani Ijumaa ilikuwa inaogopwa zamani. Kibarua analipwa kwa siku, na siku tatu ndani ni siku tatu bila chakula nyumbani. Hapo ndipo mtu hushawishika kutoa "kitu kidogo".

Lakini saa 24 ni ukomo tu. Haziko pale ili zijazwe. Kwa makosa madogo, mkuu wa kituo anaweza kumwachilia mtu hata usiku huo huo kwa bondi au dhamana. Tena, Ibara ya 49 inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa mengi yanayojaza magari Ijumaa usiku ni ya aina hiyo.

Kifungu hiki hakiwahusu polisi pekee. Askari wa kaunti, ambao wakaazi huwaita kanjo, nao wanafungwa nacho wanapomkamata mchuuzi. Mama mboga aliyekosea sheria ndogo za kaunti anaweza kushtakiwa katika mahakama iliyoko City Hall, lakini anabaki na haki zote zilizotajwa. Kwake, kucheleweshwa kuna hasara ya pili: nyanya hazingoji Jumatatu.

Risiti

Bondi ya polisi ni ahadi ya maandishi kwamba mtu atafika anapotakiwa. Haitozwi pesa. Dhamana ya pesa taslimu ni tofauti: pesa hulipwa kituoni, risiti rasmi hutolewa, na pesa hizo hurudishwa kesi ikiisha iwapo mshtakiwa alitimiza masharti. Pesa zilizotolewa bila risiti si dhamana, hata zikiitwa hivyo. Jamaa anayekwenda kituoni aulize kosa ni lipi, saa ya kukamatwa, na namba iliyoandikwa katika kitabu cha matukio, yaani OB. Ayaandike hayo pamoja na jina la afisa aliyemhudumia. Kama aliyekamatwa ni mtoto, Ibara ya 53 inataka kuzuiliwa kwake kuwe hatua ya mwisho kabisa, na awekwe mbali na watu wazima.

Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa mamlaka ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Yale ya maafisa wengine wa umma, wakiwemo wa kaunti, hupokelewa na Tume ya Haki za Kiutawala. Huduma hizo ni za bure. Aliye na kesi na hana uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016.

Na kwa anayetaka kwenda mahakamani kudai haki iliyovunjwa, Ibara ya 22 inaruhusu hata mtu mwingine kumwombea asiyeweza kujitetea mwenyewe. Hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo, na pale inapolazimu mahakama inaweza kuipokea ikiwa imeandikwa kwa njia isiyo rasmi. Barua ya mkono, yenye tarehe, saa na namba ya OB, inaweza kutosha kuanzia.