Ufahamu na Ufupisho: Chakula cha Nyumbani, Soko na Sheria

Ndugu mtahiniwa, katika ufahamu jibu linatoka kwenye kifungu, hata kama unajua mengi kuhusu mada. Soma kifungu hiki mara mbili, kisha funika majibu na ujipime.

KIFUNGU

Asubuhi ya baridi Sumbawanga, nani hapendi andazi la moto? Uwanda wa juu wa Ufipa hustawisha mahindi, maharage, ulezi na alizeti, hivyo malighafi haiko mbali na jiko. Zipo familia zinazonunua sare na madaftari kwa fedha ya maandazi, unga wa lishe au mafuta ya alizeti ya nyumbani. Jirani haulizi lebo kwa sababu anamjua mpishi. Lakini unga huohuo ukiwekwa kwenye rafu ya duka Mbeya, mnunuzi hamjui aliyeusaga. Hapo sheria huchukua nafasi ya ujirani.

Tangu mwaka 2003, usalama wa chakula ulisimamiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), huku alama ya ubora ikitolewa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mjasiriamali alibisha hodi milango miwili. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia chakula na vipodozi TBS, na TFDA ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kwa kawaida mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, anakopata mafunzo na barua ya utambulisho kwenda TBS. Wajibu wa usafi wa jiko, vyombo na mpishi haukubadilika.

Desemba 2018, wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Kitambulisho kilimtambua muuzaji. Hakikuthibitisha ubora wa anachouza.

MASWALI

1. Eleza maana ya "sheria huchukua nafasi ya ujirani."
2. Kitambulisho kina tofauti gani na alama ya ubora?
3. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 35.

MAJIBU

1. Mnunuzi asiyemjua mpishi hulindwa na usimamizi wa sheria badala ya kumwamini mtu anayemfahamu.
2. Kitambulisho humhusu mfanyabiashara. Alama ya ubora huihusu bidhaa.
3. Kabla ya 2019, mjasiriamali wa chakula alihudumiwa na TFDA na TBS. Sheria ya Fedha ya 2019 ilihamishia usimamizi wa chakula TBS. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO kwa mafunzo na barua. Wajibu wa usafi haukubadilika. (Maneno 33)

ANGALIZO

Ukiandika "TFDA ilifutwa na kazi zake zote zikaenda TBS", utakosa alama. Kifungu kinasema chakula na vipodozi ndivyo vilivyohama. Habari inapoeleza mabadiliko, jiulize mambo matatu: nini kilikuwapo, nini kilibadilika, nini kilibaki. Ukiyapata, umepata uti wa mgongo wa ufupisho. Mifano, kama andazi la moto, iache.

ZOEZI

Mama yako anakamua alizeti nyumbani na anataka kuuza madukani. Mwandikie barua rasmi kwenda kwa Meneja wa SIDO, Mkoa wa Rukwa, kuomba mafunzo. Iandike kwa makini: huenda ukaihitaji hata baada ya mtihani.