Dondoo muhimu: Chaji ya laptopu inaposoma wati za ajabu

Chaja ya USB-C imeandikwa wati 65, kipimo cha wati kinasoma 15. Usikimbilie fundi, tazama betri kwanza. Ikikaribia kujaa, laptopu hupunguza chaji yenyewe, na huo si ugonjwa. Pima ikiwa chini ya asilimia 50.

Bado 15? Hiyo ni volti 5 kwa ampea 3: chaja na laptopu hazijaelewana kupanda hadi volti 20. Badilisha waya, au jaribu tundu jingine, maana si kila tundu la USB-C hupokea chaji. Waya wa kawaida huishia wati 60. Zaidi ya hapo tafuta wa ampea 5.

Huku pwani, hasa nyumba zinazotazama bahari, mshukiwa wangu wa kwanza ni chumvi ya hewani. Hushirikiana na vumbi kula pini za tundu. Zima mashine, chomoa chaja, toa uchafu taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao. Sindano, hata kidogo! Wala usipulize kwa mdomo. Mate ni unyevu. Ukiona ukijani kwenye pini, au namba zinarukaruka waya ukitikiswa, sasa mpelekee fundi.